Uliza Fundi: Programu yangu inaanza hesabu upya kila siku, nifanyeje?

Barua za safari hii nyingi zinazunguka kitu kimoja, kuhifadhi majibu ya fanksheni (kipande cha programu kinachopewa maingizo na kutoa jibu) kwenye diski ili programu isirudie kazi, kwa hiyo nimeziweka pamoja. Wale wa simu kujaa na printa kugoma mnisubiri kidogo.

Fundi habari za kazi. Nasoma kilimo hapa Morogoro, tasnifu yangu ni kuhusu mvua za vuli na masika, natumia data za mvua za CHIRPS za kuanzia 1981. Nina fanksheni moja ya Python inapiga hesabu za wilaya zote, inakula kama dakika arobaini. Rafiki akanambia weka lru_cache, kile cha Python cha kukumbuka majibu, nikaweka, na kweli nikiiita mara ya pili jibu linakuja papo hapo, ila nikifunga programu au umeme ukikatika (betri ya laptopu yangu ilishakufa kitambo) nikiwasha tena ni dakika arobaini zile zile. Shida nini? (Mwanakilimo, Morogoro)

Hujaharibu kitu mdogo wangu. lru_cache inafanya kazi yake vizuri tu, imo ndani ya Python tangu 2011, ila majibu inayaweka kwenye RAM, sasa RAM na umeme wa kukatika unajua wenyewe, programu ikifa na majibu yanakufa nayo. Alafu kuna mambo mengine mawili hayasemwi sana: usipoipa ukubwa inashika majibu 128 tu, yaliyokaa muda mrefu bila kuguswa yanatupwa, na ukiipa listi au safu ya NumPy (maktaba ya Python ya kushika namba nyingi kwa mpigo) kama ingizo inakataa kabisa.

Unachotaka wewe ni kache ya diski, yani ghala la majibu linalokaa kwenye diski. Tumia joblib, maktaba ya Python ya kazi hiyo, na kama una scikit-learn (ile maktaba ya kufundisha mashine) basi joblib unayo tayari mana inakuja nayo, huna haja ya kutafuta bando la kuishusha. Andika hivi:

from joblib import Memory
kumbukumbu = Memory("kache", verbose=0)

Alafu juu ya fanksheni yako unaweka mstari mmoja tu:

@kumbukumbu.cache

Basi. Siku ya kwanza utasubiri dakika zako arobaini kama kawaida, ikimaliza itaandika jibu kwenye folda inayoitwa kache, kesho ukiita fanksheni ile ile na maingizo yale yale inasoma jibu kwenye diski na kukurudishia bila kupiga hesabu. Umeme ukatike, uwashe, jibu lipo. Ila jibu lililokwisha kumalizika ndio linahifadhiwa, umeme ukikatika dakika ya thelathini na tano hakuna kitu kilichoandikwa, kwa hiyo mimi ningekushauri uivunje hiyo fanksheni, badala ya wilaya zote kwa mpigo iwe inafanya wilaya moja, kache uiweke hapo, na lupu ndio izungushe wilaya zote. Hapo ukikatikiwa katikati unaendelea na wilaya zilizobaki tu. Kwa mtu asiye na betri hii peke yake ni nusu ya dawa.

Inajuaje kwamba jibu lipo? Inachukua maingizo yote uliyoipa, inayakamua kuwa alama fupi ya herufi na namba, na alama hiyo ndio jina la folda ndogo ya jibu. Inatunza pia nakala ya kodi (maandishi ya programu) ya fanksheni yenyewe, ukibadilisha kodi inaona, inatupa majibu yote ya zamani ya fanksheni hiyo na kuanza upya. Na inaona kweli kweli, hata ukiongeza maelezo tu (mistari ya # ambayo Python haiiendeshi) ndani ya fanksheni kwake ni mabadiliko, kwa hiyo usiku wa kuamkia kuwasilisha tasnifu usianze kurembesha maelezo.

Salaam aleikum fundi. Mimi nina duka la spea Mombasa, mdogo wangu kanitengenezea programu ya kujumlisha mauzo, inasoma faili la mauzo.csv. Ilikuwa nzito akaiwekea hiyo kache ya joblib, sasa imekuwa nyepesi lakini inanipa jumla ya mwezi uliopita! Faili nimelifungua mwenyewe, mauzo mapya yamo. Mdogo wangu asema kompyuta ina virusi. (Mwenye duka, Mombasa)

Waaleikum salaam kaka. Virusi hakuna, mwambie mdogo wako nimemsikia.

Hapa ndipo watu wengi wanaumia na kache ya diski kwa hiyo niruhusu nikae hapa kidogo. Fanksheni yenu inapewa nini? Inapewa jina la faili, "mauzo.csv", maneno matupu. Kache inaangalia maingizo, na ingizo la leo ni "mauzo.csv" kama la mwezi uliopita, haijabadilika herufi. Ni kama karani wa masijala anayesoma jalada kwa jina la juu tu, ukibadilisha karatasi za ndani yeye hana habari, atakupa majibu ya jalada lile lile. Kila kitu ambacho fanksheni inakichota yenyewe bila kupewa mlangoni, yani kama ingizo, kache haikioni: yaliyomo ndani ya faili, tarehe ya leo, variabo ya nje, jedwali la database, hata fanksheni nyingine inayoitwa kwa ndani. Hiyo ya mwisho ni mbaya zaidi mana nimesema kache inaangalia kodi, ndio, lakini kodi ya fanksheni iliyovishwa kache tu. Ukirekebisha kosa kwenye fanksheni ndogo inayoitwa na ile kubwa, kubwa itaendelea kutoa jibu la makosa, na haitakwambia.

Dawa ni kufanya kila kinachobadilisha jibu kipite mlangoni. Kwenu njia rahisi ni kuipa fanksheni na muda ambao faili lilibadilishwa mara ya mwisho, yani:

jumla = piga_jumla("mauzo.csv", os.path.getmtime("mauzo.csv"))

Fanksheni iwe na nafasi ya kuupokea huo muda hata kama haiutumii kwa lolote. Ukiongeza mauzo faili linapata muda mpya, ingizo limebadilika, hesabu inapigwa upya. Na kwa leo, kabla hujamgombeza mtu, aandike piga_jumla.clear() mara moja, ataona jumla inakuja sahihi.

Ila kaka, swali langu: faili la mauzo ya duka moja lina ukubwa gani mpaka programu iwe nzito? Nahisi humo ndani kuna lupu inasoma faili lote upya kwa kila bidhaa. Mngerekebisha hiyo kwanza huenda msingehitaji kache kabisa.

Mkuu, nimenogewa nikaweka kache kila fanksheni, sasa programu imekuwa nzito kuliko mwanzo. (Dogo wa Mwanza)

Umezidisha. Kukamua maingizo kuna gharama, kuandika na kusoma diski kuna gharama, na kama diski yako ni ile ya zamani ya kuzunguka ndio kabisa. Fanksheni inayomaliza chini ya sekunde iache. Na ukiwa unaipa safu kubwa ya NumPy ya mamilioni ya namba, joblib inaisoma yote kila unapoita ili itengeneze ile alama. Pima kwanza na cProfile, kipimo cha Python cha muda wa kila fanksheni, utakuta fanksheni moja au mbili ndio zinakula muda, weka hapo tu.

Nyingine usiziwekee kamwe: inayotoa namba za bahati nasibu (itarudisha namba ile ile milele), inayouliza saa, na zaidi ya zote inayofanya tendo. Fanksheni ya kutuma SMS kwa mteja ukiiwekea kache, mara ya pili mteja huyo huyo na ujumbe huo huo, haitatuma kitu, itakurudishia tu "imetumwa".

Rafiki yangu ananipa folda lake la kache kwenye flashi ili nisisubiri hesabu. Pia langu limefika GB nyingi, nafuta vipi? (Asiyependa kusubiri, Nakuru)

La rafiki kama mnafanya mradi mmoja na unamwamini, sawa. Kama umelipata kwa mtu humjui, usilifungue. Majibu yanahifadhiwa kwa pickle, njia ya Python ya kuandika vitu kwenye faili, na faili la pickle linaweza kubeba amri zikaendeshwa pale linaposomwa tu, Python wenyewe wameandika onyo hilo kwenye maelekezo yao.

Kufuta ni rahisi, folda lote unaweza kulitupa, hasara yako ni kusubiri tena. Ukitaka kupunguza tu, kumbukumbu.reduce_size(bytes_limit="2G") inaondoa yale yasiyoguswa muda mrefu mpaka ibaki GB mbili, ila lazima uiite mwenyewe, haijiendeshi. Na kama unatumia Git kutunza matoleo ya kodi yako, jina la folda liingie kwenye .gitignore (orodha ya vitu Git isivyoviangalia) leo, sio kesho.

Sisi wa R, ile lugha ya takwimu, je? (Mtakwimu, Dodoma)

Mpo. Kuna pakiti ya memoise, unaandika memoise(f, cache = cachem::cache_disk("kache")). Lile suala la jina la faili na yaliyomo ndani nililomwambia mwenye duka lipo huku vile vile.