Gemu za Windows kwenye Mac: angalia gemu kwanza, mashine baadaye

Wiki hii msomaji mmoja kutoka Umoja ameniandikia: "Kaka, nimepata MacBook Air ya M1 kwa bei poa pale Moi Avenue. Muuzaji anasema nitacheza EA FC, ile gemu ya soka, bila shida. Ni kweli?"

Si kweli, ndugu yangu. Usitoe hela kwa ahadi hiyo.

Mambo haya nayajua vizuri. Nilipotaka kucheza gemu ya The Witcher 3 kwenye Mac yangu yenye M1, chipu ya Apple yenyewe, fundi mmoja wa mjini alinicheka mbele ya wateja wake. "Mac ni ya watu wa ofisi," akasema, akanisukumia mashine kwenye kaunta hata bila kuifungua. Kauli ile bado inaniuma. Nilirudi nyumbani nikasoma usiku kucha, na leo Geralt, shujaa wa gemu hiyo, anamkimbiza farasi wake kwenye kioo kile kile alichokidharau.

Ninachotumia ni programu ya CrossOver, iliyojengwa juu ya Wine, mradi ulioanza 1993. Wine haiweki Windows kwenye Mac yako. Inapokea maagizo ambayo gemu inadhani inaipa Windows, inayageuza yaeleweke na macOS. Rosetta 2 ya Apple nayo inatafsiri msimbo (code) ulioandikwa kwa prosesa za Intel ili chipu ya Apple iuelewe, kisha D3DMetal, iliyotoka na zana ambazo Apple ilizitangaza mwaka 2023, inageuza michoro ya DirectX, mfumo wa michoro wa Windows, iwe ya Metal, ule wa Apple. Wewe unaunda kile wanachokiita chupa, yaani folda iliyojitenga inayojifanya Windows, unaweka ndani yake Steam ya Windows, duka la gemu, unawasha D3DMetal kwenye mipangilio ya chupa hiyo, unaingia na akaunti yako.

Ukiingia sehemu mpya ya gemu kwa mara ya kwanza, picha itakwamakwama. Usikimbilie kufuta kitu, mashine inaandaa sheda, yaani programu ndogo za kuchora picha. Ukipita hapo tena inatulia. Punguza pia ukubwa wa picha, na usicheze ukiwa umeiweka Mac kitandani, kwa sababu Air ya M1 haina feni na ikichemka inapunguza kasi yenyewe.

Kuna wanaopenda programu ya Parallels, inayoendesha ndani ya Mac Windows 11 nzima, ile ya chipu za aina ya Arm kama za Apple. Kwa kazi za ofisi na gemu za zamani ni nzuri. Lakini kwenye mashine ya RAM ya GB 8, macOS inachukua fungu lake, Windows lake, na gemu inabaki kugombania makombo. Gemu zinazodai DirectX 12 usizitarajie humo. Boot Camp, njia ya Apple ya kuweka Windows moja kwa moja kwenye Mac, ni ya Mac za Intel tu.

Sasa EA FC. Tangu FIFA 23, EA inatumia ulinzi dhidi ya udanganyifu unaokaa kwenye kiini chenyewe cha Windows. Kwenye Wine kiini hicho hakipo, kwa hiyo gemu inakataa kufunguka. Gemu ya Valorant ni hivyo hivyo. Hata ununue Mac yenye chipu ya Apple ya bei gani, mlango huo umefungwa. Kama roho yako iko kwenye FC, tafuta PlayStation ya mtumba.

Vijana wa Nairobi, tuache kununua vitu kwa maneno ya kaunta. Mmoja atakwambia haiwezekani na hajawahi kujaribu, mwingine atakwambia inawezekana kwa sababu anataka kufunga mauzo. Soma mwenyewe. Jaribu mwenyewe. Andika jina la gemu unayoitaka, tafuta kama ina ulinzi wa aina hiyo, ndipo ufikirie mashine.

Na muuzaji akikuahidi kukuongezea RAM baadaye, ondoka. Kwenye Mac za M1 kwenda mbele, memori imeunganishwa na chipu kiwandani, ukinunua GB 8 utabaki na 8. CrossOver ina majaribio ya bure ya siku 14. Kama una rafiki mwenye Mac ya aina unayoitaka, mwombe muiweke kwake, mshushe gemu kwa waifai ya nyumbani, maana bando la simu halitatosha, muone inavyokimbia kabla hujalipa hata shilingi.