Mwalimu wa dini alimsalimia imamu: niweke sahihi?

Swali: Tumsifu Yesu Kristo, Padiri. Mimi ni mama wa shirika, jumuiya yetu ndogo ya Kikristo, hapa Birere, Goma. Mwalimu wa dini wa binti yangu amewafundisha watoto kwamba sisi na Waislamu tunaabudu Mungu mmoja. Siku ya Idi alionekana akimsalimia imamu mlangoni pa msikiti. Katika shirika wanasema amegeuka, na kuna barua ya kuomba afukuzwe. Mimi ndugu zangu waliuawa upande wa Beni na watu wanaojiita Waislamu. Je, alichofundisha ni kweli? Niweke sahihi?

Jibu: Milele amina, Mama. Usiweke sahihi. Naanza na hilo kwa sababu najua barua za namna hiyo zinavyozunguka haraka jioni ya shirika, na jina likishaandikwa kwa biki halifutiki.

Picha ya daftari la binti yako uliyonitumia nimeitazama sana. Inasomeka: "Sisi na Waislamu tunamwabudu Mungu mmoja, Muumba wa mbingu na dunia." Mstari unaofuata umefunikwa na kidole gumba chako. Nilipokuomba picha nyingine, chini ya kidole palikuwa na maneno haya: "Lakini wao hawakiri kwamba Yesu ni Mwana wa Mungu." Shirika zima linajadili mstari wa kwanza tu.

Na mstari huo wa kwanza mwalimu hakuutunga. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa zima, liitwalo Nostra Aetate, lililopitishwa tarehe 28 Oktoba 1965 kwa kura 2,221 dhidi ya 88, linasema katika namba ya 3 kwamba Kanisa linawaheshimu Waislamu, wanaomwabudu Mungu mmoja, aliye hai, mwenye rehema, Muumba. Linataja kwamba humheshimu Yesu kama nabii ijapokuwa hawakiri umungu wake, humheshimu Bikira Maria, hungoja siku ya hukumu, husali, hufunga na kutoa sadaka. Wala si mambo ya juzi. Mwaka 1076 Papa Gregori wa Saba alimwandikia al-Nasir, mtawala Mwislamu wa Afrika ya Kaskazini, kwamba wote wawili wanamwamini Mungu mmoja, ingawa kwa namna tofauti.

Hata midomo yetu inakumbuka ujirani huo. Salamu, neema, baraka, dhambi, malaika: maneno tunayosalia rozari yametoka katika Kiarabu. Hilo halithibitishi fundisho lolote, lakini hunichekesha kidogo nikisikia mtu akiutukana Uislamu kwa Kiswahili fasaha.

Kama mwalimu angewaambia watoto kwamba dini zote ni sawa, hapo tungekuwa na neno naye, maana Kanisa linakiri kwamba Kristo ndiye Mwokozi wa watu wote. Daftari halisemi hivyo.

Sasa Beni. Hapa naandika polepole. Tamko lenyewe linasihi watu wasahau ugomvi wa zamani, lakini makaburi ya ndugu zako si ya zamani, na mimi sina ulimi wa kukuambia usahau. Nakuomba tu uweke kaburi moja zaidi karibu na hayo. Tarehe 1 Mei 2021, ndani ya mwezi wa Ramadhani, Shekhe Ali Amini, aliyekuwa akiwapinga wauaji hadharani, alipigwa risasi msikitini Beni wakati wa sala. Huenda yule imamu aliyesalimiwa siku ya Idi ana wafu wa kulilia kama wewe.

Turudi kwa mwalimu, maana nadhani ndiye anayekusumbua zaidi. Katekismo, namba 2477 na 2478, inapoeleza amri ya nane, inasema anayeshika kosa la jirani yake kuwa kweli pasipo msingi wa kutosha amehukumu kwa pupa. Inaongeza kwamba Mkristo mwema awe mwepesi kuyapokea vema maneno ya mwenzake kuliko kuyalaumu, na akishindwa kuyaelewa, amwulize ana maana gani. Kwa jinsi ulivyonieleza, watu wamesema mengi, lakini hakuna hata mmoja aliyemwuliza.

Sisemi haya kama mtu asiye na doa. Niliwahi kumsimamisha katekista kwa neno nililolisikia kwa mtu wa tatu. Nilipokuja kumwuliza mwenyewe, neno lilikuwa jingine kabisa, na yeye alikuwa amekwisha kuhamia parokia nyingine pamoja na watoto wake. Alinipokea vizuri, akanipa kiti na chai. Chai ile ilinishinda kumeza.

Kwa hiyo nenda kwake na daftari la binti yako, mkae wawili, kama Bwana anavyoagiza katika Mathayo 18:15. Mweleze habari za Beni pia, pengine hajui. Na mwenyekiti wa shirika mwambie aishike ile barua kwanza, hadi mwalimu mwenyewe awe ameisoma.