Muulize Mama Katibu: Hiyo klabu ya bosi wangu si Freemason?

Barua za safari hii zimetoka Nkuhungu, Kisasa, Kongwa na Ipagala. Nimezifupisha kidogo, na majina nimeyaweka kabatini. Kwa wageni wa safu hii: mimi ni nesi mstaafu, na ni katibu wa klabu ya huduma hapa Dodoma mjini, moja ya zile zilizo chini ya Rotary, muungano wa dunia wa klabu za watu wanaojitolea. Ninayoyasema humu ni yangu, klabu isilaumiwe.

*Shikamoo Mama Katibu. Bosi wangu alinipeleka kwenye mkutano wa klabu yake, hoteli moja huko Area D. Waligonga kengele, wakasimama, wakasoma maneno fulani kwa pamoja, kisha jamaa mmoja akaanza kutoza watu faini nao wanacheka tu. Wote wamebandika kifuani pini ya gurudumu. Nilipomsimulia mama akasema nisikanyage tena, hao ni Freemason. Bosi naye ameshaniuliza kama Alhamisi nitakuja. Nifanyeje? – Kijana wa Nkuhungu*

Marahaba mwanangu. Kwanza nisalimie mama, na umwambie hajakosea kuuliza. Watu wazima wenye pini za aina moja, wanagonga kengele na hakuna anayekueleza chochote! Hata mimi ningeshika mkoba wangu vizuri. Wa kulaumiwa ni bosi wako aliyekuleta bila kukueleza.

Kengele ni ya kuanza na kufunga, basi. Sisi tunaanza saa 12 jioni na saa 1 usiku inagongwa tena, hata kama mgeni msemaji bado ana mambo. Wenzetu wengine wanatoka kazini Mji wa Serikali, Mtumba, hawajaonja kitu tangu mchana. Bila kengele tungekesha, maana wastaafu tukishika kipaza sauti hatuachii.

Yale maneno mliyosoma ni maswali manne aliyoyaandika mfanyabiashara wa Chicago, Herbert Taylor, mwaka 1932, akihangaika kuokoa kampuni iliyokuwa inafilisika. Kwa maneno yangu: hili tunalotaka kusema au kufanya, ni kweli? Ni haki kwa kila anayehusika? Litajenga uelewano na urafiki? Litawafaa wote? Hakuna jina la shetani hapo, nimetafuta.

Sasa faini. Yule jamaa tunamwita sajenti, na kazi yake ni kutunyoosha na kutuchekesha. Ukichelewa, unatoa. Umenunua gari hukusema, unatoa. Alhamisi iliyopita simu ya mwenzetu mmoja, daktari wa mifugo, ilipiga kwaya katikati ya taarifa ya mweka hazina. Sajenti akamtoza elfu mbili: elfu moja ya simu, na elfu moja kwa kuizima kabla hatujafika kwenye kiitikio. Halafu kuna pesa za furaha, unazotoa mwenyewe ukiwa na jambo jema. Jioni hiyo hiyo bibi mmoja aliyepata mjukuu alitoa elfu kumi, na mwenzetu mwenye shamba la zabibu Hombolo akatoa ishirini kwa kuwa mnunuzi hatimaye amemlipa. Zote zinaingia kwenye kopo la maziwa ya unga, zinahesabiwa mezani mbele ya watu, naandika kwenye muhtasari. Mgeni akitaka kuusoma muhtasari, nampa. Chama cha siri gani kinagawa muhtasari?

Pini ni gurudumu la gia, meno 24 na spoki sita. Ndiyo nembo ya Rotary dunia nzima, na hakuna kiapo cha damu nyuma yake. Walioianzisha Rotary, tarehe 23 Februari 1905, walikuwa wanaume wanne wa Chicago: mwanasheria Paul Harris, muuza makaa ya mawe, mhandisi wa migodi na fundi cherehani. Harris alikuwa mgeni mjini, ana kazi lakini hana watu. Walikuwa wakikutana kwa zamu kwenye ofisi zao. Mtumishi yeyote aliyehamia Dodoma baada ya tangazo la 2016 la Serikali kuhamia huku, akawa anashinda ofisini na kulala peke yake chumba kimoja Ilazo, jambo hili halihitaji kufafanuliwa. Nusu ya wanachama wetu wapya waliingia kwa mlango huo huo: walikuwa wanatafuta watu wa kuongea nao, huduma wakaikuta ndani.

Kama mama anataka kosa la kweli, ninalo. Wanawake tulifungiwa nje mpaka 1989. Miaka themanini na ushee! Hapo akipiga kelele nitamuitikia.

Kuhusu bosi: usijiunge kwa sababu yake. Uanachama si sehemu ya mkataba wako wa kazi. Mwambie utakuja kama mgeni, na kabla ya kusaini chochote uliza ada ni kiasi gani kwa mwaka na chakula cha kila wiki nani analipa. Na ukija, njoo na mama. Atakaa karibu na mimi.

*Mama Katibu, mume wangu kila Alhamisi anasema yuko klabu ya huduma. Anarudi saa tano usiku, wakati mwingine saa sita. Huo mkutano unaisha saa ngapi? – Mke, Kisasa*

Jibu la saa umeshalisoma hapo juu, dada yangu. Labda klabu yake ina saa zake. Daftari la mahudhurio sitalifungua gazetini, ila nakupa njia rahisi: kila wiki kuna mgeni msemaji. Muulize nani alizungumza na alizungumzia nini. Aliyekuwepo atakueleza mpaka umchoke. Halafu familia zinakaribishwa, kwa hiyo Alhamisi ijayo vaa vizuri uwahi kuingia kwenye gari.

*Shikamoo Mama. Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi wilayani Kongwa. Hatuna maji. Watoto wanakuja na vidumu, wengine macho yamejaa tongotongo na nzi. Nimeandikia klabu mbili za huduma kuomba kisima kirefu, sijajibiwa. Barua yangu ina kasoro gani? – Mwalimu*

Marahaba mwalimu wangu. Umenigusa kwenye taaluma, kwa hiyo vumilia.

Hayo macho yachukulie kwa uzito. Wiki mbili nyuma mgeni wetu alikuwa muuguzi wa macho, na nilifurahi kuona vijana wanaacha simu zao. Trakoma, au vikope kama tunavyouita, unasambazwa na vidole, na kitambaa kimoja kinachofuta nyuso za watoto watatu, na nzi hao hao unaowataja. Mtoto akiambukizwa tena na tena, kope zinakuja kugeukia ndani ukubwani na kukwangua jicho mpaka linaingia ukungu. Kongwa inajulikana kwa watafiti wa ugonjwa huu tangu miaka ya 1980, na somo moja lililosisitizwa huko ni uso wa mtoto kuwa safi. Dawa zipo na upasuaji wa kope upo, ila maji ya kunawa ndiyo wewe unayoweza kuyashughulikia. Wenye macho mabaya wapeleke kituo cha afya sasa, usisubiri mfadhili.

Kuhusu barua: umeomba kisima kirefu kama mtu anayeagiza soda. Kisima kinataka upimaji wa maji chini ya ardhi na kibali cha ofisi ya bonde la maji, na katika ardhi yetu hii ya kati unaweza kuchimba kwa mamilioni ukapata maji ya chumvi. Klabu yenye watu thelathini inasoma barua kama hiyo, inavuta pumzi, inaiweka chini ya faili. Huo ni ukweli wa vikao, na mimi ndiye ninayeshika faili.

Omba kwanza vifaa vya kuvuna mvua: mifereji ya paa na tangi. Darasa lenye paa la bati la mita 20 kwa 8 ni mita za mraba 160. Dodoma kwa mwaka tunapata kama milimita 550, nyingi kati ya Desemba na Aprili. Zidisha: lita 88,000 zinapita juu ya vichwa vya watoto wako na kuchimba korongo nyuma ya darasa. Ukitoa zinazomwagika, bado lita 70,000 si za kudharau. Ila hapa ndipo wengi wanapokwama, wanaomba simtanki moja wanapiga picha. Shule ya watoto 600, kila mmoja nusu lita kwa siku, ni lita 300. Tangi la lita 10,000 linakwisha kwa siku 33 za masomo. Mvua ikikata Aprili, kufikia likizo ya Juni unaligonga linalia debe. Kwa hiyo amua mapema maji hayo ni ya nini. Ukisema ni ya kunawa uso na mikono tu, tena kwa vibuyu chirizi, vile vidumu vya kuning'iniza vinavyotoa maji kidogo kidogo, yataenda mbali zaidi. Ya kupikia uji na kumwagilia miti tafuta kwingine, na RUWASA, wakala wa maji vijijini, wilayani wapelekee barua yao peke yake kuhusu maji ya kudumu.

Kisha andika ukurasa mmoja. Idadi ya watoto, vipimo vya paa, kamati ya shule itachangia nini (mchanga, kokoto, nguvu kazi kwa ajili ya msingi wa tangi), funguo ya koki atashika nani, na mfereji ukining'inia nani atapanda kuukaza. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo inayonifanya niiinue barua juu ya nyingine. Tumewahi kurudi kwenye shule moja tukakuta tangi ni zima, zuri kabisa, na mfereji ulianguka mwaka wa nyuma yake. Hakuna aliyeambiwa kuwa kazi hiyo ni yake.

*Habari Mama Katibu. Mimi ni fundi nguo Ipagala. Napenda kujiunga na klabu ya huduma lakini wanakutana hotelini na sahani moja ni zaidi ya faida yangu ya siku. Ina maana huduma ni ya wenye nazo? – Fundi*

Nzuri fundi, na swali lako wengine wanaliogopa. Ndiyo, kwa klabu nyingi hoteli imekuwa ukuta. Nimelisema kikaoni na nitalisema tena. Tangu 2016 Rotary imezipa klabu uhuru zaidi wa kupanga mikutano yao, alimradi wakutane angalau mara mbili kwa mwezi. Hakuna kanuni inayomlazimisha mtu kula kuku. Sisi tulihamia chai na mihogo ya kuchemsha, baadhi ya wazee wakanuna, wakazoea. Kwa hiyo uliza klabu moja moja. Kama una umri mdogo, tafuta Rotaract, klabu za vijana za Rotary, ipo tangu 1968 na gharama zake kwa kawaida ni nafuu. Na kumbuka yule wa nne kati ya waanzilishi wa 1905, fundi mwenzako.

Au anzisheni kikundi chenu Ipagala. Jumuiya inaandikishwa kwa Msajili wa Jumuiya, Wizara ya Mambo ya Ndani, mkiwa na katiba na muhtasari wa kikao cha kwanza. Msikichanganye na kikoba, maana kikundi cha kukopeshana kina sheria yake ya mwaka 2018 na usajili wake. Nimeona vikundi viwili vizuri vikifa kwa sababu pesa za wagonjwa na pesa za mikopo zilikaa kwenye sanduku moja. Wekeni siku moja ya wiki na msiihamishe hata mkifika wanne. Mwezi wa kwanza watu hawatakuja, na hao wanne watajisikia wapumbavu. Kutaneni tu.

Na kufanya kazi nasi hakuhitaji uanachama. Jumamosi hii tunakwenda kufunga mifereji ya paa kwenye shule moja njia ya Chamwino. Gari linaondoka Jamatini saa 1 asubuhi, na saa moja hapa ni saa moja, sajenti yupo. Tunahitaji mikono na misumari ya bati, na mwenye ngazi ndefu aje nayo, kwa kuwa yetu imekatika vipago viwili na mweka hazina bado anatafuta bei.