Makaa ya mawe hayajaenda popote

Mkuu, unasema makaa ya mawe yamekwisha na dunia imehamia kwenye jua na upepo. Bado sana. Mwaka 2024 zilichomwa zaidi ya tani bilioni 8, rekodi mpya, na zaidi ya nusu ni China. China hiyohiyo ndiyo inayofunga sola nyingi kuliko nchi yoyote!

Nishati mpya ikija, ya zamani haitoki, inasogea tu kwenye benchi ili mpya ikae. Mafuta yaliyapita makaa ya mawe kwa kiasi cha nishati miaka ya 1960, lakini tani za makaa zikaendelea kupanda. Njoo uone jikoni kwangu hapa Dodoma: mtungi wa gesi wa kilo 6 ni wa chai na mayai, maharage yanakaa kwenye jiko la mkaa tangu saa nne asubuhi, maana kuyachemsha kwa gesi ni kuunguza hela. Umeme ni wa taa na simu. Sijaacha kimoja, nimeongeza tu.

Kinachobadilika ni sehemu ya kila nishati kwenye jumla, tena polepole: mafuta, gesi na makaa ya mawe kwa pamoja bado ni karibu asilimia 80 ya nishati yote duniani.