Mchana bila nyama, na bado ushibe

Dada, umesema umeacha nyama, mchana unakula saladi, na ikifika saa kumi njaa imesharudi. Si ajabu. Majani peke yake hayashikilii tumbo. Kinachokosekana hapo ni jamii ya kunde.

Chemsha maharage mengi mara moja kwa wiki. Yaloweke usiku kucha, mwaga yale maji, kisha yatokote kwa nguvu dakika 10 za mwanzo ndipo upunguze moto. Maharage mekundu yasipotokota hivyo huvuruga tumbo vibaya. Yakiiva, ya siku 3 weka kwenye friji, mengine yagandishe. Mchana unakaanga kitunguu na nyanya tu, unatia maharage, unaponda machache kwa mgongo wa mwiko mpaka mchuzi uwe mzito. Kwangu mimi, utamu wote uko hapo. Kamulia limau, maana vitamini C husaidia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyomo.

Siku huna maharage, adesi nyekundu zilizokobolewa huiva kwa dakika 20 hivi bila kulowekwa.

Ila kama umeacha hata mayai na maziwa, tafadhali usipuuze vitamini B12. Mimea haikupi, zungumza na daktari kuhusu vidonge vyake.