Vinundu vya ngozi kwa farasi: kipapase kimoja kimoja kabla hujatia dawa

Ndugu yangu wa Usa River, umeeleza kwamba farasi wako wa kijivu mwenye umri wa miaka 13 ameota vinundu vinne mgongoni tangu masika yaanze, na kimoja chini ya mkia ambacho hujui kilianza lini, na kwamba jirani yako mfugaji wa ng'ombe amekushauri umpake oili chafu kisha umwogeshe dawa ya kupe. Nakuomba usifanye lolote kati ya hayo mawili. Usidhani pia kwamba vinundu vyote vitano ni ugonjwa mmoja kwa sababu tu viko juu ya ngozi moja.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mtunza farasi katika shamba moja huku Arusha, na farasi jike mwekundu niliyekabidhiwa aliota kitu mfano wa sugu ndani ya paja, kikubwa kama punje ya harage. Mwenzangu alikifunga kwa singa za mkia, nami ndiye niliyemshikilia farasi. Baada ya siku 9 kikadondoka, tukapongezana. Mvua zilipokwisha, mahali palepale palikuwa na nyama nyekundu yenye upana wa kiganja, inayovuja damu kila paja liliposuguana na jingine, huku nzi hawabanduki. Daktari wa mifugo alipofika alisema hiyo ilikuwa sarkoidi, uvimbe unaohusishwa na virusi vya papiloma vya ng'ombe, ambao ulielezwa kitaalamu Afrika Kusini mwaka 1936. Kwa kawaida hausambai hadi viungo vya ndani, lakini ukichokozwa kwa kukatwa nusunusu, kufungwa au kuchomwa, mara nyingi hurudi mkubwa kuliko ulivyokuwa. Yule jike alipasuliwa mara 2, wala hakutandikwa kwa karibu mwaka mzima.

Sasa tuje kwa farasi wako. Weka kiganja mgongoni, mahali tandiko linapokaa, kisha sukuma kila kinundu kwa ncha za vidole. Ikiwa ni kigumu kama punje ya mahindi, kinasogea pamoja na ngozi, manyoya yaliyo juu yake hayajang'oka na farasi hashtuki ukikibonyeza, inaelekea zaidi kuwa ni vile vinundu vinavyotokea mwili unapoitikia kuumwa na wadudu au kusuguliwa na tandiko. Mimi huviona karibu kila mwaka nzi wanapozidi. Vingi huweza kuachwa, ilimradi kitambaa cha chini ya tandiko kifuliwe na kukaushwa vizuri, na tandiko lenyewe lisikandamize mahali hapo; kinachochubuka kila siku ndicho ambacho daktari hukichoma sindano ya kupunguza uvimbe au kukiondoa. Lakini ukikuta manyoya yamepukutika na ngozi imekauka kama magamba, rudi kwenye kisa cha yule jike na uache kukigusagusa.

Kile cha chini ya mkia nakiogopa zaidi. Farasi wa kijivu huzaliwa na rangi nyingine na manyoya yake hupauka kadiri anavyokua, ilhali ngozi hubaki nyeusi, na walio wengi miongoni mwao, wakishavuka miaka 15, huota melanoma, yaani uvimbe wa chembe zinazotengeneza rangi nyeusi ya ngozi. Inua mkia mchana kweupe na utazame upande wake wa ndani, usio na singa: ukiona kitu cheusi, kigumu, cha mviringo kama gololi na kisicho na kidonda, huenda ndicho. Papasa pia midomo, kuzunguka mkundu, na nyuma ya taya chini ya sikio. Nyingi hukua polepole kwa miaka. Ya kuhofiwa ni ile inayoongezeka ndani ya miezi michache, inayopasuka na kutoa ute mweusi, au inayomzuia farasi kutoa kinyesi. Wapo madaktari wanaopenda kusubiri, ila mimi naegemea kwa wanaoziondoa zikiwa bado ndogo, kwa kuwa nimewahi kuona mkia wa farasi mzee uliojaa hata haukuweza kuinuka.

Vivimbe vinavyozuka kwa saa chache na kubonyea chini ya kidole gumba mara nyingi ni mzio, na huondoka vyenyewe. Hata hivyo, pua zikivimba au akapumua kwa shida, au vishimo vilivyo juu ya macho vikajaa huku joto likipita nyuzi 38.5, mwite daktari usiku huohuo, kwani ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoenezwa na visubi, upo katika nchi yetu.

Kuhusu dawa za ng'ombe, soma chupa kabla ya yote. Dawa ya kupe yenye amitrazi humfungia farasi utumbo na inaweza kumuua. Ivamektini, dawa ya minyoo na wadudu, ile ya sindano ya ng'ombe nayo haifai kuchomwa kwenye msuli wa farasi, kwani imewahi kusababisha majipu mabaya. Ya farasi ni ile ya kulishwa mdomoni. Oili chafu itamwunguza ngozi na kumfichia daktari anachotakiwa kukiona.

Chukua daftari, chora umbo la farasi, weka alama ya kila kinundu, kipime kwa rula, kisha kipige picha pamoja na sarafu ya shilingi 200, na urudie baada ya wiki 2. Daktari akitaka kukata kipande cha kupeleka maabara, muulize kwanza kama anashuku sarkoidi, maana hapo ni bora kuondoa uvimbe mzima pamoja na ukingo wa ngozi isiyo na ugonjwa kuliko kukata kipande tu. Ukishapima, niandikie hapa ukubwa wa kile cha mkiani, na kama vile vya mgongoni bado vina manyoya.