Tukimpa meneja hisa, atabaki?

*Shikamoo Mama. Mimi ni mjumbe wa bodi ya kampuni ya malori na mabohari hapa Tanga. Tuko wanahisa 41, wengi ni watoto na wajukuu wa waanzilishi. Meneja wetu mkuu ana miaka tisa nasi. Alitukuta na malori sita, leo yapo 34. Sasa tunasikia kampuni moja ya Dar inamnyemelea. Mwanasheria ametushauri tumpe hisa 5,000 ambazo zitakuwa zake akikaa miaka minne. Baba mdogo kachachamaa, anasema huko ni kumpa mtu nyumba ili asihame chumba. Tumsikilize nani?*
*Mjumbe, Tanga*

Marahaba mwanangu. Baba yako mdogo ana ulimi, na mwanasheria naye ana hoja. Ila kabla sijasema nani ni nani, kuna jambo nililiona kwa macho yangu.

Nilikuwa katibu wa kampuni kwa miaka 22. Kuna mahali bodi ilimwahidi mtendaji mkuu hisa kwa sharti moja tu: awe kazini tarehe 31 Machi ya mwaka wa tatu. Siku ilipofika alikuja ofisini kwangu asubuhi na mapema, nikatia saini hati yake na kugonga muhuri, naye akaipuliza wino ukauke kama mtu anayepoza chai. Akaikunja vizuri. Halafu akatoa bahasha kwenye koti akaniwekea mezani. Barua ya kuacha kazi, imeandikwa Machi 28. Mwenyekiti alipopata habari alitukana mpaka dereva akafunga vioo vya gari. Lakini yule bwana alikosa nini? Tulimlipa akae mpaka tarehe 31, akakaa mpaka tarehe 31. Alikula pilau, akanawa.

Kwa hiyo swali langu la kwanza kwa mwanasheria wenu: hizo hisa 5,000 zinakomaa, yaani zinakuwa zake kabisa, zote siku moja? Kama ndiyo, mmemwandikia tarehe ya kuondoka.

Wenzetu Marekani ndio mabingwa wa mchezo huu, na hata wao hawaafikiani. Agosti 2011, Tim Cook alipokabidhiwa uongozi wa Apple, watengenezaji wa simu za iPhone, bodi ilimpa ahadi ya hisa milioni moja, zenye thamani ya dola milioni 376 hivi kwa bei ya siku ile. Hakupewa mkononi. Nusu zilipangiwa kukomaa 2016, nusu nyingine 2021. Miaka kumi! Na mwaka 2013, kwa ridhaa yake mwenyewe, masharti yakakazwa: sehemu ya hisa hizo ikafungwa kwenye jinsi Apple inavyokwenda ukilinganisha na kampuni nyingine kubwa za orodha ya S&P 500. Apple ikibaki nyuma, anapoteza. Ikitangulia, haongezewi kitu. Hapo kabla alikuwa ameshakataa gawio la hisa ambazo hazijakomaa, fedha zilizokisiwa kufika dola milioni 75. Alibaki miaka yote kumi, na fungu la mwisho la Agosti 2021 lilikuwa la dola zaidi ya milioni 750, maana bei ilikuwa imepaa.

Ukisoma hivyo utasema hisa zinafanya kazi. Mimi nasita. Mtu aliyekabidhiwa kiti cha Steve Jobs, mwanzilishi wa Apple, angeenda wapi kuzuri zaidi?

Mtazame mwenzake wa kampuni hiyohiyo. Ron Johnson ndiye aliyeyajenga maduka ya Apple. Mwaka huohuo wa 2011 J.C. Penney, maduka ya nguo, walimtaka awe mtendaji mkuu wao. Alikuwa na hisa Apple ambazo hazijakomaa, na akiondoka zinapotea. J.C. Penney wakafanya nini? Wakampa hisa zao za takriban dola milioni 50 kufidia alizoziacha. Kamba ikakatwa na mnunuzi. (Aprili 2013 walimfukuza kazi, lakini hayo ni mengine.) Sasa hao wa Dar wanaomnyemelea meneja wenu, wana mfuko wa kulipa fidia ya namna hiyo? Kama wanao, hisa zenu zitapandisha tu bei ya kumng'oa. Kama hawana, zitamshika.

Kisa ninachokipenda zaidi ni cha Jamie Dimon wa JPMorgan, benki kubwa ya Marekani. Julai 2021 bodi ilimpa kitu tofauti: si hisa, bali haki ya kulipwa ongezeko la bei, haki milioni 1.5. Analipwa kile tu kinachozidi bei ya kuanzia, iliyokuwa karibu dola 149 kwa hisa, na hakuruhusiwa kuzigusa kwa miaka mitano. Bodi ilisema inataka aendelee kuongoza kwa miaka kadhaa. Mkutano mkuu wa Mei 2022, wanahisa wakaulizwa kuhusu malipo ya wakubwa. Walioafiki walikuwa asilimia 31 tu. Kura ile ni ya ushauri, haikufuta kitu, lakini bodi ilisikia na ikaahidi kutompa tena zawadi maalumu za namna ile.

Wanahisa walikuwa na haki ya kuguna, kwa sababu mtu tajiri kiasi kile, aliyeiongoza benki tangu 2005, hazuiwi na dola. Hata hivyo aina yenyewe ya malipo ni ya akili. Hisa ikisimama palepale, analipwa sifuri. Mwaka 2025 ilivuka dola 300, ndipo kila haki ikawa na zaidi ya dola 150.

Turudi Tanga, nikuwekee hesabu. Tuseme kampuni yenu ina hisa 100,000 na kila moja mnaithamini shilingi 60,000. Hisa 5,000 ni shilingi milioni 300. Meneja akikaa miaka minne akipiga miayo, malori yakabaki 34, bado anachukua milioni 300. Amelipwa kwa kukalia kiti. Mkimpa haki ya ongezeko tu, na hisa ikapanda hadi 90,000, analipwa tofauti ya 30,000 mara 5,000, yaani milioni 150, nazo zimetoka kwenye mali ambayo haikuwepo. Hapigi kura, hagawani urithi wa babu zenu, na baba mdogo analala usingizi. Wengine huziita hisa za kivuli. Mimi ningeanzia hapo.

Mkishikilia kutoa hisa halisi, basi zikomae kidogokidogo, robo kila mwaka, na ikiwezekana kila mwaka mwongeze fungu jipya dogo, ili siku yoyote anapoandika barua awe anaacha kitu mezani. Na mjue zinatoka wapi. Mkitoa mpya, mwenye hisa 2,000 leo ana asilimia 2. Kesho atakuwa na 1.9. Si nyingi, ila mwambieni kabla, asije akaisoma kwenye daftari la wanahisa akadhani kaibiwa. Nimeshaona harusi ikisusiwa kwa jambo dogo kuliko hilo.

Jingine, na hili wanasheria wa mjini hulisahau kwa kuwa wamezoea kampuni za soko la hisa: ninyi hamna soko. Cook aliziuza zake kwa siku mbili tatu. Meneja wenu akitaka kusomesha mtoto, hisa yake ataiuza kwa nani? Hisa isiyo na mnunuzi ni karatasi, haiwezi kumzuia mtu anayeonyeshwa mshahara mnono wa kila mwezi. Kwa hiyo hati iseme nani atazinunua akiondoka, kwa bei iliyopigwa na nani. Mkaguzi wenu wa hesabu apige bei kila mwaka, iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Iseme pia akifukuzwa kwa wizi itakuwaje, na akiugua, na mkiiuza kampuni yote kwa mgeni. Na kodi: mwulizeni mhasibu kabla ya kutia saini, asije akadaiwa fedha taslimu kwa kitu ambacho hawezi kukiuza.

Halafu mwanangu, barua yako ni ndefu na imejaa aliyosema mwanasheria na aliyosema baba mdogo. Meneja mwenyewe amesemaje? Hukuandika. Mwenyekiti amwite, wawili tu, bila kumbukumbu. Yule bwana wangu wa Machi 31, nilikutana naye miaka baadaye kwenye msiba. Nikamwuliza kisa cha kuondoka. Akasema alichoka kuomba kibali cha bodi kila aliponunua matairi.

*Mama, mume wangu ni mtendaji mkuu wa kampuni na ameahidiwa hisa akikaa miaka mitano. Ana shinikizo la damu. Nikimwuliza, anasema "mambo ya ofisi." Akitangulia, mimi na watoto tunapata?*
*Mke, Mombasa*

Inategemea karatasi, dada yangu. Hati nyingine husema akifariki zote zinakomaa siku hiyohiyo, nyingine hukata kulingana na miaka aliyokwisha kutumikia, na nyingine hufuta zote. Usimwombe akueleze, mwombe akuonyeshe. Tafuta aya inayozungumzia mwisho wa ajira, mara nyingi iko kurasa za nyuma, na utazame kama kifo kimetajwa kwa jina. Kama hakikutajwa, aiombe bodi ikiandike sasa, angali mzima na wangali wanamhitaji.